Meli Inaelea, Lakini Imezidishiwa: Fizikia ya Mstari wa Upakiaji

Malalamiko yanayofika mezani kwetu, sisi tunaokagua meli, yamezidi kufanana. Mmiliki anaeleza kwamba chombo chake kimezuiwa kwa sababu mstari wa upakiaji, yaani alama ya ubavuni inayoonyesha mwisho wa meli kuzama kwa mzigo, umezama, ilhali kinaelea bila shida na chini yake kuna maji ya kutosha. Tunaamini kwamba hakuna anayekusudia kuhatarisha mabaharia wake. Hata hivyo, hoja hizo mbili hazigusi kabisa kile ambacho mstari ule unapima.

Shinikizo la maji yaliyotulia hutokana na densiti ya maji (tungamo lake kwa kila mita ya ujazo), nguvu ya uvutano na kina kinachopimwa kuanzia usoni mwa maji. Kwa kila mita moja ya kina huongezeka takriban paskali 10,000 (paskali ni kizio cha shinikizo), na shinikizo hilo husukuma pande zote, si chini peke yake kama wengi wanavyodhani. Ubavu wa kushoto wa meli unaposukumwa sawasawa na wa kulia, misukumo hiyo inafutana. Unaobaki ni ule unaoisukuma meli juu kutoka chini yake, na jumla yake ni sawa na uzito wa maji ambayo meli imeyahamisha. Hiyo ndiyo kanuni ya Archimedes. Maji yaliyo kati ya mkuku, yaani uti wa chini wa meli, na sakafu ya bahari hayamo katika hesabu hii, kwa hiyo dai kwamba kilindini maji hubeba mzigo mkubwa zaidi halina msingi, hata likitolewa na nahodha mwenye miaka mingi baharini. (Ni kweli kwamba meli inayokwenda kasi kwenye maji machache hudidimia zaidi, lakini hilo linatokana na mwendo, nasi hapa tunazungumzia meli iliyotia nanga.)

Densiti ndiyo inayowatatiza wengi. Maji ya bahari yana takriban kilogramu 1,025 kwa kila mita ya ujazo, na maji baridi ya mtoni, yaani yasiyo na chumvi, kilogramu 1,000. Chukua chombo chenye umbo la sanduku kilichozama mita 8 baharini: shinikizo la maji chini yake ni kama paskali 80,400. Kikiingia mtoni na shehena ileile, hakina budi kuzama hadi mita 8.2 ili shinikizo lile lile lipatikane, kwa kuwa uzito unaopaswa kubebwa haujabadilika. Sentimita 20 zimeongezeka bila gunia hata moja kupakiwa. Kwa sababu hiyo meli hupewa mstari wa maji baridi, wenye herufi F, ulio juu kuliko mstari wa majira ya joto wenye herufi S, na nafasi iliyo kati yake ni nyongeza halali. Anayeutumia mstari wa F akiwa amefunga gati kwenye maji ya chumvi amejiongezea mzigo ambao hakuruhusiwa, na kisingizio cha kutojua hakipokelewi.

Kuhusu hoja kwamba meli "bado inaelea", jibu ni kwamba meli huendelea kuelea mpaka dakika ile inapoacha. Mstari hulinda sehemu ya bodi isiyopitisha maji iliyobaki juu ya uso wa maji, ambayo ndiyo akiba ya ueleaji. Tundu la kipenyo cha sentimita 10, mita 4 chini ya uso wa maji, huingiza maji kwa kasi inayokaribia mita 9 kwa sekunde, yaani zaidi ya tani mbili kila dakika. Maji hayo ni uzito mpya, na meli itaendelea kuelea tu ikiwa bado ina bodi ya kuzamisha ili kuubeba. Aliyekwisha kuijaza akiba hiyo kwa shehena hana kilichobaki.

Mkataba wa Kimataifa wa Mistari ya Upakiaji wa 1966, pamoja na Itifaki yake ya 1988, unataka alama iwe duara lenye kipenyo cha nje cha milimita 300, likikatwa na mstari wa milimita 450 ambao ukingo wake wa juu hupita katikati ya duara. Cheti hakizidi miaka 5, na ukaguzi wa kila mwaka hufanyika ndani ya miezi 3 kabla au baada ya tarehe ya kumbukumbu ya cheti, yaani siku na mwezi unaolingana na ule wa cheti kumalizika. Mkaguzi anapopanda melini huangalia kwanza kama cheti kipo na ni halali; kisha kama meli imezidi mpaka ulioandikwa humo; kisha kama alama ubavuni zinalingana na cheti. Ikionekana kuwa imezidishiwa, haitaruhusiwa kuondoka hadi iweze kusafiri bila hatari kwa abiria na mabaharia, na adhabu nyingine hufuata sheria za nchi husika. Kupaka rangi juu ya alama hakusaidii, kwa kuwa mistari hiyo huwekwa ubavuni kwa namna ya kudumu na vipimo vyake vimo kwenye cheti.

Meli inayoanza safari bandari ya mtoni huruhusiwa kuongeza uzito wa mafuta na vitu vingine vitakavyotumika kati ya hapo na baharini. Vilevile, pale maji ya bandari yanapokuwa mchanganyiko wa chumvi na baridi, nahodha hupewa sehemu tu ya nyongeza ya maji baridi. Achote sampuli ya maji kando ya meli, aisome kwa haidromita (chombo cha kupimia densiti ya maji), atoe densiti hiyo katika 1,025, kisha tofauti aigawanye kwa 25 na kuizidisha kwa nyongeza iliyomo katika cheti. Kwa chombo chetu cha mfano, maji yenye densiti 1,010 yatampa milimita 120, wala si 200. Anayepinga uamuzi wa mkaguzi alete usomaji huo pamoja na saa na mahali sampuli ilipochotwa; picha ya meli ikielea haitusaidii kuamua lolote.