Kabla hujainua nyumba ya urithi bondeni: kifusi, kipimo na kibali

Kila masika yanapokaribia, malori ya kifusi huanza kuteremka mabondeni Dar es Salaam. Tandale, Kigogo, Mtoni, Bonde la Mpunga kule Msasani: familia imekaa kikao, imekubaliana kwamba nyumba aliyoiacha babu haiuzwi, basi inyanyuliwe, na kwa kuwa watoto wameongezeka, viongezwe na vyumba viwili vya uani. Uamuzi huo hatuna ugomvi nao. Shida yetu sisi wa udhibiti wa ujenzi ni kwamba wengi hufika ofisini kifusi kimeshamwagwa sebuleni, ukuta umeshapasuka, ndipo wanauliza wafanyeje.

Kujaza kifusi ndani ya nyumba ni kuinua sakafu. Nyumba yenyewe imebaki palepale. Chukua chumba cha mita 3 kwa 3. Ukikijaza kimo cha sentimita 60 umeingiza zaidi ya mita 5 za ujazo, na udongo ulioshindiliwa una uzito wa karibu tani 1.8 kwa kila mita ya ujazo. Hizo ni kama tani 10 katika chumba kimoja. Tena udongo haukandamizi chini tu, unasukuma na pembeni, na ukilowa unasukuma zaidi. Ukuta wa tofali za inchi 5 uliojengwa kubeba bati haukujengwa kuzuia udongo. Ndiyo maana unakuta ufa umeanzia chini kwenye pembe, katikati ukuta umetoka nje kama tumbo, na fundi anawaambia wenye nyumba ni plasta tu. Si plasta. Wakati huohuo mlango wa mita 2.1 umebaki mita 1.5, dirisha limekuwa usawa wa goti, na dari imeshuka vichwani mwa watu.

Kazi hii ikifanywa sawasawa huanzia juu. Bati hufunguliwa, kenchi (fremu za mbao zinazobeba bati) hushushwa, kuta huongezwa kozi, yaani mistari ya tofali (tofali la kimo cha inchi 9 pamoja na udongo wa saruji wa kuungia hutoa karibu sentimita 25 kwa kozi), mkanda wa zege wenye nondo hufungwa kuzunguka nyumba nzima, ndipo paa linarudi. Kuta za chini huongezewa nguvu kwa nje. Ndani hujazwa moramu, udongo wa changarawe, kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka likishindiliwa kabla ya linalofuata, juu yake nailoni ya kuzuia unyevu, halafu jamvi la zege. Kifusi cha kubomolea chenye mabaki ya mbao na mifuko ndani yake hakishindiliki hata ukipige wiki nzima. Kitatitia mvua ya kwanza, na sakafu itakifuata.

Kama kuta ni za miti na udongo uliopigwa plasta, na nyumba nyingi za Kiswahili za vyumba sita na ukumbi katikati ndivyo zilivyo, hapo hakuna cha kuinua. Ni kubomoa na kujenga upya. Najua si jibu linalopendwa kwenye kikao cha familia.

Njia ya pili ni kuyaachia maji njia. Maji yaliyosimama kimo cha mita 1 husukuma ukuta kwa karibu nusu tani kwa kila mita ya urefu wake, kwa hiyo nyumba iliyozungushiwa ukuta na kuzibwa kila tundu inaweza kuangushwa na maji ambayo yangeingia na kutoka bila kuibomoa. Warufiji walilijua hili zamani: dungu husimama juu ya nguzo, mto unapita chini. Nguzo za zege na sakafu ya juu, chini pakiachwa wazi, ni wazo lilelile, ila ni lazima lichorwe na mhandisi aliyesajiliwa. Na nguzo hizo ziwe na misingi yake zenyewe. Kupandisha ghorofa juu ya kuta za zamani za inchi 5 hatutalipitisha, mtu asijisumbue kutuletea.

Uinue kiasi gani? Hapa watu hupima kutoka uwani, au huinua kozi mbili kwa kuwa tofali zilizopo zinatosha kozi mbili. Pima kutoka kwenye alama ya maji. Ile mistari ya tope inayobaki ukutani ni kumbukumbu nzuri kuliko ya mtu; waulize pia majirani waliokuwepo mvua za Desemba 2011, au El Niño ya 1997 na 1998. Sisi hushauri sakafu mpya ikae angalau sentimita 30 juu ya alama ya juu kabisa. Kisha angalia barabara. Barabara ya mtaa ikiinuliwa na kuwekewa lami, nyumba iliyokuwa sawa nayo inageuka shimo, kwa hiyo ulizia TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, kama yako imo kwenye mpango kabla hujapanga kimo chako.

Vyumba vya nyongeza vijengwe kwenye msingi wake, na pale vinapokutana na nyumba ya zamani paachwe nafasi ya kama sentimita 2 badala ya kufungamanisha tofali. Msingi mpya utatulia kwa kasi yake, wa zamani umeshatulia. Ukivifunga pamoja, ufa ni suala la muda tu.

Sasa sheria, na hapa naomba nisomwe taratibu. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ufukwe wa bahari au ziwa, na mabwawa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 nayo inalinda mita hizohizo 60. Tunaambiwa kila siku: tupo hapa tangu kabla ya sheria, mjumbe anatujua, tunalipa kodi ya majengo. Kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU ni kodi. Si kibali cha kitu chochote. Barua ya serikali ya mtaa inakutambulisha kuwa mkazi, haikuruhusu kujenga. Leseni ya makazi si hati miliki. Haki za waliokuwepo kabla ya sheria huangaliwa kwa kila nyumba, na sitazitolea hukumu hapa. Lakini chumba unachoongeza leo ni uendelezaji wa leo na kitapimwa kwa sheria ya leo. Na walio ndani ya eneo la Mradi wa Bonde la Msimbazi wasidanganywe kuongeza vyumba ili fidia iongezeke. Kinacholipwa ni kile kilichokutwa siku ya uthamini.

Walio nje ya mita 60 waombe kibali cha ujenzi kwa halmashauri, siku hizi kupitia mfumo wa Tausi wa TAMISEMI. Utatakiwa uthibitisho wa umiliki na michoro, na kwa kazi ya nguzo, michoro ya mhandisi pia. Kwenye nyumba ya urithi, uthibitisho wa umiliki ndipo mahali faili nyingi zinapokwama. Jina kwenye karatasi ni la marehemu, na mtoto mkubwa si mmiliki kwa kuwa mkubwa. Muhtasari wa kikao cha ukoo na cheti cha kifo vipelekwe mahakamani, mahakama iteue msimamizi wa mirathi, na huyo ndiye atakayesaini maombi. Aliyeteuliwa na mahakama ya mwanzo ana miezi minne ya kurejesha orodha ya mali na hesabu za mgao. Kuijaza sakafu kifusi hakumwondolei wajibu huo. Anayejenga bila kibali hupewa kwanza agizo la kusimamisha ujenzi, kisha ilani ya kurudisha eneo lilivyokuwa, kisha ile X nyekundu. Gharama za kubomoa hudaiwa kwake. Wengi huliona agizo la kwanza kama mwaliko wa kuongeza mafundi wamalize usiku. Tunapiga picha za tarehe zote mbili, ya agizo na ya kumaliza.

Choo husahaulika. Sakafu ya nyumba imeinuliwa, mfuniko wa shimo la maji taka umebaki usawa wa zamani, na mafuriko yanaingia huko kwanza kabla ya kubisha hodi mlangoni. Inua chemba na mifuniko kwa kimo kilekile cha sakafu. Wanaongoja mvua kubwa watapishe vyoo mtaroni wajue ni kosa, na kinachotapishwa kwako kinaingia jikoni kwa jirani wa chini. Soketi na swichi kuu zipande juu ya alama ya maji pia. Mita ya LUKU usiiguse mwenyewe. Anayeihamisha ni TANESCO, na maombi yapelekwe kabla fundi hajaanza kubomoa ukuta iliposimama.