Upotevu wa maarifa: maktaba inapoungua, nini hasa hupotea?

Kupotea kwa kitabu ni jambo moja, kupotea kwa maarifa ni jambo jingine. Kikiungua kitabu ambacho nakala zake mia zipo kwingine, hiyo ni hasara ya mali. Ikiungua nakala ya mwisho, na hakuna aliye hai anayekumbuka kilichoandikwa humo, hapo ndipo maarifa yamepotea. Dhana nzima ya upotevu wa maarifa ya kale imesimama juu ya neno hilo moja, nakala, ingawa simulizi zinazopendwa na watu ni zile za moto.

Ikitajwa maktaba iliyoungua, wengi huikumbuka ya Alexandria, nao huipigia picha ya usiku mmoja: moto umewaka, kufika asubuhi hekima yote ya kale ni majivu. Wapo wanaoongeza kwamba isingeungua, binadamu angefika mwezini miaka elfu moja mapema. Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi na kila mara hunisikitisha, kwa sababu inaficha namna maarifa yanavyokufa kweli.

Maktaba hiyo ilianzishwa mwanzoni mwa karne ya 3 KK na wafalme wa ukoo wa Ptolemaios waliotawala Misri. Walikuwa na uchu wa vitabu. Tabibu Galen, aliyeandika karne kadhaa baadaye, anasimulia kwamba meli zilizotia nanga bandarini zilipekuliwa, vitabu vilivyokutwa vikachukuliwa na kunakiliwa, kisha mwenyewe akarudishiwa nakala huku maktaba ikibaki na kitabu chake halisi. Anasimulia pia kwamba mmoja wa wafalme hao aliazima kutoka Athens nakala rasmi za tamthilia za washairi watatu wakubwa, akaweka rehani talanta 15 za fedha, halafu akaona heri rehani iende, mradi vitabu abaki navyo.

Kifo cha maktaba hiyo kilichukua karne nyingi. Mwaka 145 KK Ptolemaios wa 8 aliwafukuza wanazuoni mjini. Orodha ya wakuu wa maktaba, iliyookotwa kwenye kipande cha mafunjo, inaonyesha kwamba baada ya hapo ukuu ulimwendea askari wa kikosi cha mikuki. Mwaka 48 KK moto uliowashwa na jeshi la Julius Caesar kwenye meli ulipanda nchi kavu, na mwandishi wa Kirumi Seneca anataja vitabu 40,000 vilivyoteketea. Hata hivyo wanazuoni waliendelea na kazi mjini humo kwa karne kadhaa. Mnamo mwaka 272 BK mtaa wa kifalme uliharibiwa katika vita vya Kaisari Aurelian. Mwaka 391 likavunjwa hekalu la mungu Serapis, ambalo nalo lilikuwa na maktaba yake. Ama kisa cha Khalifa Omar kuamuru vitabu vichomwe, kinaonekana katika maandishi zaidi ya miaka 500 baada ya Waarabu kuuteka mji mwaka 642, na wanahistoria wengi hawakikubali.

Namna maarifa yanavyokufa kweli inaonekana katika miaka iliyopita kati ya matukio hayo, ile ambayo hakuna aliyeisimulia.

Gombo la mafunjo lilitengenezwa kwa vipande vyembamba vya moyo wa mmea huo, tabaka moja wima, jingine limelala, vikagongwa hadi vikashikana. Kila linapokunjuliwa na kukunjwa tena, nyuzi hukatika, hasa kingoni. Hewa ya bahari huleta unyevu, unyevu huleta ukungu, na wadudu hula gundi. Katika mchanga mkavu wa jangwani gombo hudumu miaka elfu mbili. Katika mji wa pwani, likisomwa kila siku, lilitakiwa kunakiliwa upya kila baada ya vizazi vichache. Waandishi wa kale wanatofautiana sana juu ya idadi ya magombo ya Alexandria, kuanzia 40,000 hadi 700,000. Chukua hesabu ya chini kabisa: bado ni magombo 40,000 yanayohitaji mafunjo, wino, watu waliofunzwa, na mtu wa kuwalipa, kizazi baada ya kizazi. Mfalme asiyejali akikata ujira wa wanakili, hakuna moshi utakaoonekana. Lakini hesabu imeshaanza.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na hilo mshairi Callimachus alilijua. Aliandaa orodha ya waandishi na kazi zao iliyojaa magombo 120, mojawapo ya orodha kubwa za kwanza za vitabu tunazozijua. Nayo imepotea, vimebaki vipande tu. Kwa hiyo hatuwezi hata kuandika msiba wote kwa majina.

Mahali pengine hesabu inawezekana, na inauma. Sophocles, mmoja wa wale washairi watatu, aliandika tamthilia zaidi ya 120, nasi tunazo kamili 7. Mwanahistoria Livy aliandika vitabu 142 juu ya Roma, vimebaki 35. Kilichoamua mara nyingi ni shule: walimu walichagua tamthilia chache za kufundishia, hizo zikanakiliwa kwa wingi, na nyingine zikakaa rafuni zikingoja zamu isiyokuja. Euripides, mwingine wao, alipona zaidi ya wenzake kwa namna ambayo bado hunishangaza. Mbali na zilizochaguliwa na walimu, tumeletewa tamthilia 9 zaidi ambazo majina yake ya Kigiriki yanaanza kwa herufi za sehemu moja ya alfabeti, kuanzia epsilon hadi kappa. Yaani kazi zake zote ziliwahi kupangwa kwa alfabeti, na kipande kimoja cha mpangilio huo kikaokoka. Ubora wa tamthilia haukuhusika.

Upo pia upotevu uliofanywa na watu wasio na nia mbaya hata kidogo. Katika karne ya 10, mjini Constantinople, mtu alinakili kazi za Archimedes, mwanahisabati wa Kigiriki wa kale, kwenye kurasa za ngozi. Ngozi ni ghali, mnyama mzima hutoa kurasa chache tu. Ilipofika mwaka 1229, kasisi aliyetaka kuandika kitabu cha sala aliichukua ile ya Archimedes, akafuta wino kwa kuukwangua, akazikata kurasa katikati na kuzigeuza ubavu, kisha akaandika sala juu yake. Mistari ya hesabu ikabaki imelala chini ya mistari ya sala kama kivuli cha rangi ya kahawia. Mwaka 1906 mtaalamu Johan Ludvig Heiberg alizisoma kurasa hizo na kugundua kwamba humo mna kazi ambayo haipo popote pengine duniani, ambamo Archimedes anaeleza jinsi alivyokuwa akipima maumbo kwa kuyafikiria kama vipande vyembamba mno vilivyowekwa kwenye mizani. Ni hatua iliyokaribia hesabu ambazo Ulaya ilizifikia katika karne ya 17. Kitabu kiliuzwa mnadani New York mwaka 1998 kwa dola milioni 2, na baadaye wanasayansi wakatumia eksirei zinazogundua chembe za chuma katika wino ili kusoma yale ambayo jicho haliwezi. Sala ndiyo iliyokificha kitabu na sala hiyo hiyo ndiyo iliyokihifadhi, kwa maana kama si kitabu cha ibada huenda hakuna ambaye angekitunza kwa miaka 700.

Moto nao si adui siku zote. Mfalme Ashurbanipal wa Ashuru alikusanya maktaba Ninawi katika karne ya 7 KK, iliyoandikwa kwa alama za kabari kwenye vibao vya udongo mbichi uliokaushwa. Mwaka 612 KK maadui waliuteketeza mji. Vibao vya mbao vilivyopakwa nta viliangamia, lakini vingi vya udongo vilifunikwa na kifusi, na baadhi vikachomeka humo humo kama vyungu ndani ya tanuri, vikawa vigumu kuliko vilivyokuwa. Vilipofukuliwa katika karne ya 19 vilikuwa zaidi ya 30,000 pamoja na vipande, na mwaka 1872 George Smith alisoma kwenye kimojawapo habari za gharika, sehemu ya utenzi wa Gilgamesh, ambao ulimwengu ulikuwa umeusahau kabisa.

Baghdad mwaka 1258 iko mahali fulani katikati. Inasimuliwa kwamba Wamongolia walitupa vitabu mtoni hadi maji ya Tigris yakawa meusi kwa wino. Hasara ilikuwa kubwa mno, lakini vitabu vingi vya Baghdad vilikuwa vimeshanakiliwa Cairo, Damascus na miji ya Uajemi, na mnajimu Nasir al-Din al-Tusi alijenga kituo cha kutazama nyota na maktaba kubwa kule Maragha mwaka uliofuata. Mji uliangamia, mnyororo wa nakala haukukatika wote.

Wamaya wa Amerika ya Kati hawakupata bahati hiyo, na hapa moto unastahili lawama zote. Vitabu vyao viliandikwa kwenye karatasi ya magome iliyopakwa chokaa nyeupe na kukunjwa kama kinanda cha mkono, kurasa zikifuatana kwa wekundu na weusi. Julai 1562, katika mji wa Maní huko Yucatán, mtawa Diego de Landa alivichoma hadharani. Yeye mwenyewe aliandika kwamba viliteketezwa vyote kwa kuwa havikuwa na kitu ila ushirikina na uongo wa shetani, na kwamba wenyeji walisikitika mno. Vilivyobaki vya ustaarabu mzima ni vitabu 4. Kimojawapo, kilichopo Dresden, kina majedwali ya kupatwa kwa jua na ya mwendo wa sayari ya Zuhura, ambayo Wamaya waliipa mzunguko wa siku 584. Mizunguko 5 ikatoka sawasawa na miaka 8 ya siku 365. Watu waliofikia usahihi huo hawakuwa na vitabu 4. Tunachokisoma ni kama mtu aliyeokota kurasa chache za kitabu cha hesabu na kuambiwa akisie elimu ya taifa zima.

Landa huyo huyo aliacha maelezo ya herufi za Wamaya, akidhani ni alfabeti. Mwaka 1952 mtaalamu wa maandishi Yuri Knorozov alionyesha kwamba zilikuwa silabi, na kuanzia hapo mwandiko ukaanza kusomeka tena. Jambo hili linatupeleka kwenye upotevu mwingine, pale maandishi yanapobaki ila wasomaji wamekwisha. Katika kisiwa cha Rapa Nui, kwenye Bahari ya Pasifiki, watu walichonga alama ziitwazo rongorongo kwenye mbao. Mwaka 1862 na 1863 wavamizi waliotoka Peru waliwachukua wakazi wapatao 1,500 kwenda utumwani, wakiwamo waliojua kusoma mbao hizo, na ndui ikamaliza wengi wa waliobaki. Mbao chache, zaidi kidogo ya 20, zipo katika makumbusho leo. Unaweza kuzishika na kuhesabu kila alama. Hakuna anayejua zinasema nini. Kwangu mimi hakuna mfano unaoeleza dhana hii vizuri zaidi: maktaba ina nguzo mbili, maandishi na mtu aliyefundishwa kuyasoma, na ikivunjwa moja nyingine haisimami.

Swali linalofuata ni la haki: tunajuaje kwamba kitu kimepotea, ikiwa kimepotea? Mara nyingi kwa sababu kimetajwa na mwingine. Mnajimu wa Kigiriki Aristarchus wa Samos alifundisha katika karne ya 3 KK kwamba dunia ndiyo inayozunguka jua. Maandishi yake juu ya jambo hilo hayapo, tunayajua hasa kwa kuwa Archimedes aliyagusia kwa mistari michache akizungumzia jambo jingine. Bila mistari hiyo na kutajwa kwingine kuchache, tungeweza kusema kwamba wazo hilo halikuwahi kuandikwa kwa uzito kabla ya mnajimu Copernicus mwaka 1543. Yapo mangapi ambayo hayakupata hata mtu wa kuyagusia?

Mji wa Timbuktu, nchini Mali, umeonyesha upande wa pili katika zama zetu. Huko miswada ya kale haikukaa chini ya paa moja. Familia nyingi zilihifadhi ya kwao kwenye makasha, baba akimrithisha mwana. Wapiganaji walipoushika mji mwaka 2012, Abdel Kader Haidara na wenzake waliipakia kwenye masanduku ya chuma na kuitorosha kidogo kidogo, kwa magari na kwa mitumbwi ya Mto Niger, hadi Bamako. Januari 2013 wapiganaji wakiondoka walichoma miswada iliyokuwa katika Taasisi ya Ahmed Baba, ipatayo 4,000. Sehemu kubwa ya hazina ya mji ilikuwa imeshaondoka.

Na kuna Herculaneum, mji wa kale wa Kirumi huko Italia. Mwaka 79 BK mlima Vesuvius uliifunika nyumba ya tajiri mmoja pamoja na maktaba yake, na joto likayageuza mamia ya magombo kuwa vipande vya mkaa. Yalipatikana katika miaka ya 1750; waliojaribu kuyakunjua waliyavunja mengi mikononi. Sasa yanapigwa picha za eksirei yakiwa yamefungwa vile vile, na kompyuta hutafuta alama za wino ndani ya mikunjo. Oktoba 2023 likasomeka neno zima la Kigiriki katika gombo lisilofunguliwa, maana yake zambarau. Miezi michache baadaye zikaongezeka herufi zaidi ya 2,000, za mwanafalsafa anayezungumzia raha na chakula. Magombo mengi ya nyumba hiyo bado yamefungwa, na sehemu ya nyumba yenyewe bado haijachimbwa.