QT haina ukomo wa umri: maelezo kwa wanaosita kujisajili

Kila dirisha la usajili wa watahiniwa wa kujitegemea linapofunguliwa, sisi tunaoshughulika na elimu ya watu wazima hupokea maswali yale yale. Mtu huanza kuulizia ada, kisha kituo cha karibu, na mwishoni hushusha sauti: "Nina miaka 43, hawatanicheka?"

Naomba hili lieleweke, maana tumelisema sana. Hakuna ukomo wa umri kwa mtahiniwa wa QT, yaani Mtihani wa Maarifa unaomfungulia mtu mlango wa kufanya mtihani wa kidato cha nne, wala kwa mtahiniwa wa kidato cha nne chenyewe, na sababu iliyokutoa shuleni haihusiani na usajili. Wapo wanaotuambia watakuja "wakishajiamini". Hao ndio wanaochelewa zaidi, kwa sababu kujiamini huko hakupatikani nyumbani.

Namkumbuka mama mmoja wa darasa la jioni. Kwenye kikundi chake cha kuweka na kukopa, VICOBA, alikuwa akikataa ukatibu kila uchaguzi, akisingizia mwandiko. Jaribio lake la kwanza la Hisabati alipata 11, akaaga kwamba harudi tena. Mwalimu alimbembeleza abaki, na baada ya wiki tatu akampa karatasi ile ile airudie. Akapata 38. Alama hizo bado ni za kufeli, lakini alikaa akizilinganisha karatasi zake mbili, swali kwa swali, akionesha kwa kidole yale aliyokuwa hayawezi na sasa anayaweza. Mtu aliyeambiwa tangu utotoni kuwa ni mzito wa kichwa haamini sifa za mwalimu. Huamini kazi ya mkono wake mwenyewe. Mwezi uliofuata alisimama kikundini akasoma muhtasari wa kikao, na uchaguzi uliofuata hakukataa.

Nchi hii inalijua jambo hilo zamani. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwaweka watu wazima karibu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Mkulima ambaye hajawahi kuongoza mkutano alijikuta akiongoza mjadala wa kikundi. Babu na bibi zetu hawakuona haya kushika kalamu wakiwa na mvi, na sijui haya hizi za leo tumezitoa wapi.

Sasa utaratibu, ambao ndio unaozaa malalamiko mengi. Usajili huanzia kituoni. Unakwenda kituo utakachofanyia mtihani, unapewa namba rejea, kwa namba hiyo unajaza taarifa zako kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani, mfumo unakupa kumbukumbu namba ya malipo, ndipo unalipa. Ukilipa bila kukamilisha taarifa, hujasajiliwa. Ukichelewa ukaingia kipindi cha nyongeza, unalipa ada pamoja na faini. Kipindi hicho kikipita, unasubiri mwaka mwingine, hata ukija na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Jina liwe lile lile tangu QT hadi kidato cha nne, herufi kwa herufi. Fedha uliyompa mtu wa kati akakukimbia, kituo hakiwezi kukurudishia.

Ieleweke pia kwamba kufaulu QT si kupata cheti cha kidato cha nne. Kunakupa sifa ya kuufanya mtihani huo. Kila mwaka tunampata mtu aliyepeleka matokeo ya QT kwenye ajira, akakataliwa, akarudi kutulaumu.

Na anayemtuma mdogo wake akamfanyie mtihani ajue kwamba matokeo yake hufutwa, na wote wawili wanaweza kufikishwa kwenye vyombo vya dola. Mtihani hufanyika Novemba. Ukianza masomo mapema mwaka, muda wa kujiandaa kwa haki unao.

Bado unasita? Fika kituo cha karibu siku ya masomo, omba kukaa kiti cha nyuma, usikilize kipindi kimoja. Fanya hivyo kabla hujalipa chochote. Utakuta watu wa rika lako wamekwishaketi.