Usitafute draiva, iulize bodi kwanza

"Fundi, nitumie draiva ya CH340 ya Linux." Ujumbe wa aina hii haukosi kwenye simu yangu, hasa kutoka kwa vijana wanaofunga sola hapa Nairobi na wanataka kusoma mita au inveta kupitia Raspberry Pi au Orange Pi, zile kompyuta ndogo za bodi moja. Hayo ni mazoea ya Windows. Kwenye Linux, draiva za vigeuzi vya USB kwenda siriali, kama hiyo CH340, zimo ndani ya kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo, tangu zamani. Kikigoma kifaa, mara nyingi kilichokosekana ni kitu kingine kabisa.

Anza na chipu. Kigeuzi ulichonunua Luthuli Avenue, muuzaji ameapa ni orijino. Usibishane naye, chomeka uandike `lsusb`. Ukiona 1a86:7523, hiyo ni CH340 ya WCH. 0403:6001 ni FT232 ya FTDI, 10c4:ea60 ni CP2102 ya Silicon Labs, na 067b:2303 ni PL2303 ya Prolific. Nambari ya kwanza ni ya kampuni, ya pili ni ya kifaa. Kama hakuna mstari mpya uliotokea, achana kabisa na habari za draiva. Shika waya: nyingi zinazouzwa mjini ni za kuchaji tu, hazina nyuzi za data. Kisha angalia umeme. Raspberry Pi inayokula kwenye chaja kuukuu ya simu itakulalamikia yenyewe ndani ya `dmesg`, yaani kumbukumbu za kerneli, kwa maneno "Under-voltage detected!", na vifaa vya USB vitaanza kupotea na kurudi.

Sasa andika `sudo dmesg -w`, chomoa kigeuzi, kichomeke tena na usome kinachopita. Unatafuta maneno haya: "ch341-uart converter now attached to ttyUSB0". Ukiyaona, draiva ipo na inafanya kazi, na mlango wako ni `/dev/ttyUSB0`. Jina lisikutatize, moduli ya ch341, yaani kipande cha kerneli chenye draiva, ndiyo inayohudumia CH340 pia. Ukifungua mlango ukaambiwa "Permission denied", jiongeze kwenye kundi la dialout, lenye ruhusa ya kutumia milango hii, kwa `sudo usermod -aG dialout $USER`, toka, uingie upya. Wako wanaokimbilia `chmod 666`. Inafanya kazi mpaka mtu achomoe waya, kwa sababu faili hilo huundwa upya kila kifaa kinapochomekwa.

Kuna kituko kimoja kinachowatesa watu wa Ubuntu 22.04. Kigeuzi kinaunganishwa, ttyUSB0 inatokea, halafu papo hapo inatoweka. Dmesg inasema interface imeshikwa na ch341 wakati 'brltty' inaweka config. Brltty ni programu ya maonyesho ya breli kwa wasioona, na baadhi ya maonyesho hayo hutumia nambari ileile ya 1a86:7523. Programu inadhani kigeuzi chako ni kifaa cha breli na inakinyakua. Kwenye bodi inayokaa juu ya ukuta wa chumba cha betri, `sudo apt remove brltty` inamaliza kesi. Kwenye kompyuta inayotumiwa na watu, uliza kwanza kama kuna anayeihitaji.

Siku draiva ikikosekana kweli, `sudo modprobe ch341` itakujibu "Module ch341 not found". Kabla ya kulaumu mtu, jiulize kama umetoka kusasisha mfumo bila kuuwasha upya: huenda kerneli inayokimbia ni ya zamani na moduli zake zimeshafutwa. Linganisha `uname -r` na majina yaliyomo ndani ya `/lib/modules`. Kama yanalingana, basi ni ile tabia ya bodi za bei nafuu, ambazo mtengenezaji hutoa kerneli iliyopunguzwa. `zgrep CH341 /proc/config.gz` itakuthibitishia, kama faili hilo lipo.

Unaweza kujitengenezea moduli: sakinisha hedaa za kerneli (faili za kujengea moduli), chukua ch341.c ya toleo lilelile, jenga, nakili, kisha `depmod -a`. Toleo likipishana utapigwa "Invalid module format". Na kila kerneli ikibadilika unarudia kazi yote. Mimi siku hizi naweka Armbian, Linux iliyoandaliwa kwa bodi kama hizi, kama inaikubali bodi hiyo, maana moduli hizi huja nazo, na mteja hanipigii simu Jumapili.

Ukiwa na vigeuzi viwili, kimoja cha mita na kingine cha inveta, usiandike ttyUSB0 na ttyUSB1 kwenye programu yako. Stima ikipotea na kurudi, vinaweza kubadilishana majina, nawe utaanza kuona volti za betri kwenye safu ya bili. FTDI kwa kawaida ina nambari yake ya pekee, kwa hiyo `/dev/serial/by-id` inatosha. CH340 nyingi hazina, zote zinafanana kama mapacha. Tumia `/dev/serial/by-path`, inayofuata tundu la USB. Halafu bandika utepe kwenye kila tundu na uandike MITA na INVETA, kwa sababu anayefagia chumba hicho atachomoa zote mbili na kuzirudisha anavyojua yeye.