Je, wajua kwa nini watu wa Istanbul walikuwa wanaacha sadaka juu ya jiwe?

Istanbul kuna mawe ya zamani, machache bado yamesimama mpaka leo, mengine yapo upande wa Üsküdar, na ukipita haraka utadhani ni nguzo ya jengo lililobomolewa. Ni nguzo ya jiwe au marumaru, inalingana na urefu wa mtu au inazidi kidogo, na juu kabisa wameichimba kishimo kama bakuli. Enzi za dola ya Uthmaniya mawe haya yaliwekwa kwenye nyua za misikiti, karibu na makaburi, pembeni ya visima vya mtaa, sehemu ambazo watu wanapita kila siku. Mwenye nacho anaweka hela kwenye kishimo anaenda zake, na mwenye shida anakuja, mara nyingi giza likishaingia, anachukua kinachomtosha na kinachobaki anamwachia mwenzake.

Sasa mtu atauliza, kwa nini wahangaike hivyo wakati angeweza kumpa tu mkononi? Jibu liko kwenye urefu wa jiwe lenyewe. Kishimo kiko juu, kwa hiyo anayetoa ananyoosha mkono na anayechukua naye ananyoosha mkono vilevile, na wewe uliyesimama pembeni unaona mkono umepanda na kushuka basi, huwezi kujua huyu kaweka au kachukua. Aliyefikiria hilo alikuwa anamjua vizuri mtu mwenye shida.

Wengi wetu tukisikia sadaka ya siri tunafikiria upande wa mtoaji tu. Waislamu tunakumbuka hadithi ya watu saba watakaopata kivuli siku ya Kiyama, mmoja wao ni yule aliyetoa akaficha hata mkono wake wa kushoto usijue wa kulia umetoa nini, na Wakristo wana maneno yanayokaribia sana na hayo kwenye Mathayo sura ya 6. Tunaishia hapo, kwamba usipojificha thawabu zako zitaliwa na riya, yaani kujionyesha. Ni kweli kabisa, ila kuna upande wa pili na mimi naona ndo mzito zaidi, ile siri ni stara ya anayepokea. Yeye ndo atakayebaki mtaani kesho.

Angalia klipu za misaada zinavyotengenezwa siku hizi. Bibi anatolewa nje ya nyumba yake, anashikishwa mfuko wa sembe kilo tano na chupa ya mafuta, anaambiwa bibi sema chochote, hajui aangalie wapi, anasema asanteni Mungu awabariki huku mfuko unamwelemea, anaambiwa rudia sauti haikusikika. Jioni klipu iko TikTok na wimbo wa huzuni nyuma, na mjukuu wake anaonyeshwa na wenzake shuleni. Ile sembe ndani ya wiki mbili imeisha, klipu haiishi, miaka mitano mbele mtoto yule akiwa anatafuta kazi au mchumba bado bibi yake yupo pale anaomba.

Na tusiambiane kwamba bibi alikubali. Aliyeshika simu ndo huyohuyo aliyeleta sembe, bibi atakataaje? Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ridhaa iwe ya hiari na mtu awe anajua anachokubali, na sisi Tanzania tukapata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, lakini hata bila sheria mtu mwenye njaa mbele ya chakula hana nafasi ya kusema hapana, hilo halihitaji wakili.

Haohao watu wa Istanbul walikuwa na njia nyingine ambayo mimi naipenda kuliko hata mawe. Mwezi wa Ramadhani mtu mwenye uwezo anatoka mtaani kwake anaenda mtaa ambao hajulikani, anaingia duka la vyakula, anamwomba mwenye duka daftari la madeni. Anamwambia nihesabie kurasa kadhaa za mwanzo, kadhaa za katikati na za mwisho, jumla inapatikana, analipa, anasema hayo madeni yafute, anaondoka. Aliyelipa hajui kamlipia nani, aliyelipiwa hajui kalipiwa na nani, kwa hiyo hata wakikutana msikitini hakuna wa kumwinamia mwenzake.

Hii sisi tungeiweza kesho asubuhi maana daftari tunalo. Kila duka la Mangi, muuza duka wa mtaani, lina kaunta buku chini ya meza, imechakaa pembeni, Mama fulani sukari robo, mafuta ya mia tano, sembe nusu, mkaa, mstari chini ya mstari, na wengine wameshaanza kupita njia ya nyuma ili wasionane na Mangi. Ukilipa kurasa mbili za pale umempa mtu uhuru wa kupita barabarani kwake mwenyewe.

Kuna hoja ambayo watu wanaitoa na si ya kubeza, kwamba ukitangaza unahamasisha wengine. Qurani yenyewe, Sura ya Al-Baqara aya ya 271, inasema mkidhihirisha sadaka ni vizuri, na mkizificha mkawapa mafakiri ni bora zaidi kwenu. Chukua habari ya Chuck Feeney, Mmarekani aliyetajirika kwa maduka ya bidhaa zisizotozwa ushuru viwanja vya ndege. Mwaka 1982 alianzisha taasisi ya kutoa misaada akaisajili Bermuda ili asilazimike kutajwa, akaihamishia karibu mali zake zote, vyuo na hospitali vikajengwa bila jina lake ukutani na waliopokea wakawa hawajui hela inatoka kwa nani. Siri ilitoka mwaka 1997 baada ya biashara ile kuuzwa na kuzuka mvutano. Mpaka taasisi inafungwa mwaka 2020 ilikuwa imetoa zaidi ya dola bilioni 8. Baadaye alikubali kuongea ili matajiri wengine waige, ila alichokitangaza ni habari yake yeye na hela zake, hakuweka sura ya mgonjwa mbele ya kamera.

Kwa hiyo kama lazima uposti, posti shida na namba ya kuchangia, posti risiti ukiwa umefuta majina, posti mlima wa madaftari ya shule bila mtoto hata mmoja kwenye picha. Na intaneti yenyewe inaweza kuficha vizuri tu, mwaka 2020 wakati wa korona manispaa ya Istanbul ilifungua tovuti inaitwa Askıda Fatura, aliyeshindwa bili ya maji au gesi anaiweka pale, mwingine anachagua bili anailipa, majina hayaonekani upande wowote. Zililipwa maelfu kwa maelfu. Kwetu ukiwa na shilingi elfu ishirini tu unaweza kwenda kwa Mangi wa mtaa wa pili, si wa kwenu, ukamwambia achague mwenyewe anayemuona amekwama, na umwombe jambo moja, akiulizwa nani kalipa aseme limeshalipwa basi.