Antibiotiki zikiingia mtoni jua linazimaliza? Maswali na majibu

Hizi dawa zinafikaje majini, si tunazimeza zinaishia mwilini?
Haziishi zote. Sehemu ya dozi inatoka na mkojo ikiwa bado dawa kamili, inaenda na maji taka, na mitambo mingi ya kusafisha maji taka haikutengenezwa kukamata dawa. Weka na za mifugo hapo.

Sasa jua linafanyaje?
Kuna dawa zenyewe zinanyonya mionzi ya jua, hasa UV (ile isiyoonekana kwa macho), na ile nguvu inakatakata molekuli. Tetrasaikilini na siprofloksasini ziko hivyo, kwenye maji angavu ya juujuu jua likiwaka vizuri zinaweza kupungua nusu ndani ya masaa tu (ndo maana vidonge vyake unaambiwa weka mbali na mwanga). Trimethoprimu, ile iliyomo kwenye kotrimoksazoli, hiyo mbishi.

Nasikia maji ya kahawia yanasaidia, kweli?
Hapa ndo patamu. Ile rangi kama chai ya rangi ni mabaki ya majani na mimea iliyooza ikayeyuka majini. Yakipigwa na jua yanachangamka, mengine yanaishambulia dawa yenyewe, mengine yanaipa oksijeni ya kwenye maji nguvu mpaka inakuwa kali na inavamia hata dawa ambayo jua peke yake lilikuwa linaishindwa. Ila rangi hiyohiyo inakula mwanga, ukishuka kidogo tu chini giza. Halafu kuna dawa zikishaanza kuharibika, yale mabaki ya mimea yanazirudishia elektroni iliyopotea na dawa inarudi kama ilivyokuwa! Kwa hiyo maji yaleyale yanaweza kuharakisha dawa moja na kuchelewesha nyingine.

Ikishavunjika si imekufa?
Sio lazima. Siprofloksasini mara nyingi inaanza kukatika pembeni, kiini kinabaki, na vipande vya mwanzo vinaweza kuwa bado vinasumbua bakteria. Nyingine inaganda kwenye tope ambako jua halifiki kabisa, na dozi ndogondogo za hivyo ndo bakteria wanazizoea wanakuwa sugu.

Nikianika maji juani kwenye chupa, dawa zitatoka?
Usitegemee. Chupa ya plastiki angavu, masaa 6 ya jua kali au siku 2 mfululizo kukiwa na mawingu, inaua vijidudu, tena maji yasiwe na tope. Kemikali ni habari nyingine. Vidonge vilivyobaki rudisha famasi inayovipokea, chooni usimwage.