Desturi yenye "asili ya kipagani": maneno haya yana maana gani?

Desemba ikikaribia, hakosekani Mkristo wa kuambiwa kwamba sikukuu anayoiandaa ni ya miungu. Mti ni wa miungu, tarehe ni ya jua, na Pasaka nayo ni ya mungu mke wa Babeli. Anayeambiwa hukasirika au huingiwa na hofu, na mara nyingi hakuna kati ya hao wawili aliyeuliza maneno "asili ya kipagani" yanabeba nini hasa.

Tuanze na "mpagani". Neno limetoka katika Kilatini, paganus, yaani mtu wa kijijini. Katika karne ya 4 Wakristo wa Dola ya Rumi walilizoea kumwita hivyo yeyote asiye Mkristo wala Myahudi. Hapakuwa na dini moja iliyojiita upagani, bali mamia ya ibada zisizofanana. Kwa hiyo mtu akikwambia desturi fulani ni ya kipagani, muulize: ya watu gani, wapi, lini? Kama hana jibu, bado hajakwambia kitu.

"Asili" ndiyo inayoleta utata zaidi, maana watu huitumia kwa mambo matatu tofauti. Kuna kitu kilichozaliwa ndani ya ibada ya miungu na kwa ajili yake, kama kufukiza uvumba mbele ya sanamu ya Kaisari. Kuna kitu cha kawaida cha binadamu ambacho hata waabudu miungu walikuwa nacho: pete, taa, karamu, maua juu ya kaburi. Halafu kuna kitu kinachofanana tu na cha kipagani. Hoja nyingi zinazosambaa kila mwaka ni za aina hii ya tatu, zikiwa zimevikwa nguo za ile ya kwanza.

Chukua tarehe 25 Desemba. Husemwa kwamba Kanisa liliichukua kutoka sikukuu ya jua, na wengine huongeza Saturnalia, sikukuu ya Warumi ya mungu Saturn. Saturnalia tuiweke kando mara moja: ilianza tarehe 17 Desemba na hata iliporefushwa ilimalizika kabla ya 25. Jua ni habari nyingine. Kuna mkusanyiko wa kalenda na orodha ulioandikwa Rumi mwaka 354, na ndani yake mna mambo mawili. Kalenda ya serikali inataja siku ya "Asiyeshindika", ambaye wengi humtambua kuwa ndiye jua, tarehe 25 Desemba. Orodha ya Kikristo, ambayo wataalamu huirudisha hadi mwaka 336, inaweka siku hiyo hiyo kuzaliwa kwa Kristo Bethlehemu. Nani alimwiga nani? Waraka hausemi. Kaisari Aurelian alimjengea mungu jua hekalu Rumi mwaka 274, na wanaoshikilia hoja ya kuiga huanzia hapo. Wengine hupiga hesabu. Tangu mapema, Wakristo kama mwandishi Tertullian waliamini Yesu alisulubiwa tarehe 25 Machi, na siku hiyo ikaja kuhesabiwa pia kuwa ndiyo aliyotungwa mimba. Ongeza miezi tisa, unafika 25 Desemba bila kupita kwenye hekalu la mtu. Mimi naona hesabu hiyo ina uzito kuliko inavyopewa, lakini wasomi hawajamaliza ubishi.

Pasaka ni rahisi zaidi, hasa kwa msemaji wa Kiswahili. Hadithi ya mungu mke inategemea jina la sikukuu hiyo kwa Kiingereza, Easter. Mtawa Bede, aliyeandika Uingereza mwaka 725, alisema mwezi mmoja wa Waanglo-Saksoni, yaani Waingereza wa kale, ulipewa jina la mungu mke Eostre, na zaidi ya maelezo yake hatuna habari nyingine za wakati huo kumhusu. Kumfunganisha na Ishtar wa Babeli kulienezwa sana na mchungaji wa Uskoti, Alexander Hislop, katikati ya karne ya 19, kwa sababu tu majina yalimsikikia kama ndugu. Sisi tunasema Pasaka, kutoka Pesakh ya Kiebrania, na sikukuu yenyewe ilikuwa ikiadhimishwa kwa Kigiriki na Kilatini karne nyingi kabla Waingereza hawajabatizwa.

Mti? Habari za miti iliyopambwa ndani ya nyumba zinatoka maeneo ya Wajerumani. Maelezo yanayojulikana sana ni ya Strasbourg mwaka 1605, miti yenye maua ya karatasi na matofaa. Yeremia 10, inayonukuliwa dhidi yake, inazungumzia fundi anayekata mti msituni, akauchonga, akaufunika kwa fedha na dhahabu ili uabudiwe. Hiyo ni sanamu.

Sasa tuseme umethibitisha kabisa kwamba kitu fulani kilitoka kwa waabudu miungu. Umethibitisha nini? Januari ni mwezi wa Janus na Machi ni wa Mars, miungu ya Warumi. Agosti ni ya Augusto, mtu aliyejengewa mahekalu. Hata jina Mungu, ambalo Mkristo wa Kiswahili hulitamka akipiga magoti, ni ndugu wa Mulungu, neno la Wabantu la kale kuliko mmishonari yeyote. Kama asili peke yake ingetosha kuhukumu, tungekosa hata neno la kuanzia sala.

Biblia yenyewe haipimi hivyo. Nyoka wa shaba alikuwa na asili safi kuliko desturi yoyote tuliyo nayo: Musa alimtengeneza kwa amri ya Mungu. Lakini Waisraeli walipoanza kumfukizia uvumba, mfalme Hezekia alimvunja vipande vipande (2 Wafalme 18:4). Upande wa pili kuna nyama iliyotolewa kwa sanamu, yenye asili ya kipagani isiyo na shaka yoyote, na Paulo akawaambia Wakorintho wale kila kinachouzwa sokoni bila kuuliza-uliza.

Hata hivyo wanaojitenga na sikukuu hizi wana hoja nzuri kuliko ile ya Babeli, na inasikitisha kwamba huiacha. Kumbukumbu la Torati 12 inawakataza Israeli kuulizia mataifa walivyoitumikia miungu yao ili wao wamwabudu Bwana vivyo hivyo. Haruni alitengeneza ndama, kisha akatangaza sikukuu "kwa Bwana", na jina hilo halikumwokoa. Wapuritani, Waprotestanti wakali wa Uingereza, waliishika hoja hii kwa dhati: ibada isiyoamriwa haina nafasi. Bunge la Uingereza lilipiga marufuku Krismasi mwaka 1647, na Massachusetts, koloni lao huko Amerika, ikaweka faini ya shilingi tano kwa atakayeiadhimisha, kuanzia 1659 hadi 1681. Msimamo huo unaeleweka. Kinachoutatiza ni Yohana 10:22, ambapo Yesu yupo hekaluni wakati wa Sikukuu ya Kutabaruku, sikukuu ambayo Musa hakuiamuru popote, wala hasikiki akiilaumu.

Lipo jambo moja linalogeuza jibu zima. Baada ya kuruhusu nyama ya sokoni, Paulo anaongeza: mtu akikwambia hii imetolewa sadaka, usile, kwa ajili ya dhamiri yake yule aliyekwambia. Nyama ni ile ile. Aliyeketi mezani ndiye aliyebadilika.

Papa Leo wa Kwanza, aliyeongoza Kanisa la Rumi kuanzia 440 hadi 461, alikutana na jambo hilo hilo katika mahubiri ya Krismasi. Baadhi ya waumini, wakipanda ngazi za kanisa la Mtakatifu Petro asubuhi, waligeuka kulielekea jua linalochomoza na kuliinamia. Leo alikubali kwamba huenda wengine walimheshimu Muumba wa nuru, si nuru yenyewe. Bado aliwataka waache, kwa sababu mtu aliyetoka juzi katika ibada ya miungu angeona na kudhani kwamba sehemu ya dini yake ya zamani imeruhusiwa. Aliwaondolea lile tendo la kuinama. Sikukuu yenyewe, pamoja na tarehe yake, aliendelea kuihubiri.